Kujenga modeli ya ndege ya kivita ya jeti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya nimeulizwa na watu wanaotaka kuanza. Mengine nimewahi kujiuliza mwenyewe, usiku, ndege ikiwa mezani haina pua wala mkia. Yote yanahusu modeli za plastiki za kuunganisha kwa gundi. Ndege za redio zinazopaa ni fani nyingine, na anayezitaka hatapata msaada hapa.

Nianze na ndege gani?

Anza na ndege unayoipenda, ila ipime kwanza kwa mambo matatu: injini ngapi, vioo vingapi, rangi ngapi. Yenye injini moja, kiti kimoja na rangi mbili au tatu itakufikisha mwisho wa kazi, na kufika mwisho wa modeli ya kwanza kuna thamani kuliko ubora wake. A-4 Skyhawk na MiG-21 zinafaa sana. F-16 nayo inafaa, ingawa kioo chake kina shida yake, nitaieleza mbele.

Ziache kwanza F-14 Tomcat na F-4 Phantom II. F-14 ina mabawa yanayosogea, kutoka digrii 20 yakiwa yamekunjuliwa hadi 68 yakirudishwa nyuma angani, na kiwiliwili chake kimegawanyika vipande vingi ambavyo lazima vikae sawa kwa pamoja. Phantom nayo ina mapindo: ncha za mabawa zimeinuka digrii 12, mabawa ya mkia yameinama chini digrii 23. Ukikosea kidogo, hata asiyejua ndege ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Ukishamaliza modeli mbili tatu, zirudie hizo. Zinalipa.

Ziache pia kwa muda ndege zilizoachwa chuma kitupu bila rangi, kama F-86 na F-100 nyingi za miaka ya 1950. Chuma hakifichi mkwaruzo hata mmoja.

1/72 na 1/48 maana yake nini, na nichukue kipi?

Ni mara ngapi ndege imepunguzwa. Katika 1/72, sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi. Vipimo hivi vilizaliwa kwenye inchi na futi: 1/72 ni inchi moja kwa futi sita, na 1/48 ni robo inchi kwa futi moja, ndiyo maana havifanani na namba za mizani ya mita.

F-16 ina urefu wa takriban mita 15. Katika 1/144 inakuwa kama sentimita 10, katika 1/72 kama 21, katika 1/48 kama 31, na katika 1/32 kama 47. F-4E, yenye mita 19.2, inafika sentimita 40 katika 1/48 na 60 katika 1/32. Pima kabati lako kabla ya kununua, maana watu wengi hukumbuka kupima wakati ndege imeshakauka.

Ushauri wangu ni 1/48 kwa mwanzo ikiwa nafasi ipo. Watu hudhani ndogo ni rahisi, lakini rubani wa sentimita 180 katika 1/72 anakuwa na sentimita 2.5 tu, na vipande vya chumba chake vinahitaji kibano na macho mazuri. 1/48 inakupa nafasi ya kushika. 1/72 ina faida yake: unaweza kuweka ndege nyingi sehemu moja na kuziona zikilinganishwa kwa ukubwa wa kweli, MiG-21 ikiwa kando ya Phantom. Ukiona jinsi MiG ilivyo ndogo, utaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kuonwa angani.

Nitajuaje kama seti ni nzuri kabla ya kuifungua?

Usitazame picha ya boksi. Uliza ukungu wa chuma, yaani kalibu inayotoa umbo la plastiki, ulitengenezwa mwaka gani. Viwanda huuza tena ukungu uleule kwa boksi jipya na dekali mpya (vibandiko vya alama na maandishi ya ndege), na wakati mwingine kiwanda kimoja huuza plastiki iliyomwagwa na kingine. Boksi linaweza kuwa la mwaka huu na plastiki ikawa na umbo la miaka ya 1970. Tovuti ya Scalemates inaonyesha ukoo wa kila seti, nani alianza na nani alifuata, na ni jambo la dakika mbili kuangalia.

Dalili ya ukungu wa zamani ni mistari ya paneli (maungio ya mabati ya ndege) iliyoinuka juu ya plastiki badala ya kuzama. Mistari iliyoinuka hufutika ukipiga msasa, na itabidi uichore upya kwa sindano na rula. Hilo halifanyi seti kuwa mbaya. Hasegawa, Revell, Airfix, Italeri na wengine wana seti za zamani zenye umbo sahihi kabisa. Ila mtu wa mara ya kwanza asibebeshwe mzigo huo. Tamiya inasifika kwa vipande vinavyokaa vyenyewe, na nikiombwa zawadi kwa mtu anayeanza, huelekea huko bila kufikiri mara mbili.

Kwa nini unasisitiza picha ya ndege moja halisi?

Kwa sababu ndilo jibu la nusu ya maswali yaliyobaki. Ndege za aina moja hazifanani. F-16 zimebadilika tangu ya kwanza iliporuka mwaka 1974, na Phantom zilizotengenezwa zilizidi 5,000, nazo ziligawanyika kwenye matoleo yenye pua, mabawa na injini tofauti. Mtu akiuliza "Phantom ina rangi gani?" hakuna wa kumjibu. Akiuliza kuhusu Phantom yenye namba fulani mkiani, mwaka fulani, picha inajibu: rangi, uchafu, matangi, mabomu, kama kioo kiko wazi, kama mkia umelegea.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua gundi, chagua ndege moja, na ukiweza, siku moja ya maisha yake. Tafuta picha tatu: ya ubavuni, ya juu, na ya karibu na magurudumu. Zibandike mbele ya meza. Karatasi ya maelekezo inasema kipande kinaingia wapi. Picha ndiyo inayosema kama kilikuwepo.

Tahadhari moja kuhusu ndege za makumbusho. Zinafaa sana kwa kuona umbo, magurudumu na mashimo ya ndani, lakini rangi zake mara nyingi ni za matengenezo ya baadaye, viti vimetolewa baruti, na matairi wakati mwingine si yake.

Ninahitaji vifaa gani?

Koleo la kukatia lenye uso bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano, msasa wa namba 400, 600, 1000 na 2000, tepu ya karatasi ya kuzuia rangi, vibanio vya nguo, na taa nzuri. Ukiwa na hivyo unajenga.

Kipande usikikate pale kinaposhikana na fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyobeba vipande vyote. Kikate mbali kidogo kwenye fremu, kisha kata mara ya pili karibu, mabaki yaondolewe kwa msasa. Ukikata mara moja tu, plastiki hukwanyuka na kuacha kishimo cheupe.

Kabla ya lolote, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani hupakwa mafuta ili plastiki itoke kwenye ukungu, na mafuta hayo hukataa rangi.

Nitumie gundi gani?

Tatu, kila moja na kazi yake.

Gundi ya plastiki, ile nyembamba kama maji, haigandishi kwa kunata. Inayeyusha polistirini, plastiki ya modeli, ya pande zote mbili, zikaungana kuwa kitu kimoja. Shikanisha vipande vikiwa vikavu, kisha gusa ungio kwa brashi yenye gundi, nayo itajivuta yenyewe ndani ya ufa. Ukibana polepole, uzi mwembamba wa plastiki laini hutokeza juu ya mshono. Uache. Kesho yake ukiupiga msasa, mshono umeisha bila puti.

Supagluu ni ya rezini na ya vipande vya chuma, maana hivyo haviyeyuki. Ni nzuri pia kwa kujaza mianya midogo, lakini ipige msasa ndani ya saa chache, kwani ikikomaa inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka.

Gundi nyeupe ya mbao, au gundi maalumu ya vioo, ni kwa vioo tu. Usikaribishe supagluu kwenye kioo. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ndani ya kioo ambao haufutiki kwa kitambaa.

Lazima nianze na chumba cha rubani?

Karibu kila mara, ndiyo, kwa kuwa kiwiliwili hufungwa juu yake. Rangi zake hazifanani nchi na nchi. Ndege za Marekani kwa kawaida zina kijivu cha giza ndani. MiG na Sukhoi nyingi za enzi ya Kisovieti zina rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, ambayo mtu akiiona mara ya kwanza hudhani amekosea kuchanganya.

Kazi kubwa iweke kwenye kiti cha kujirushia. Kioo kikifungwa, ndicho pekee kinachoonekana vizuri. Phantom nyingi zina kiti cha Martin-Baker chenye vishikio vya juu vinavyovutwa usoni, F-16 ina ACES II, MiG-29 na Su-27 zina K-36. Kila kimoja kina umbo lake na mwenye jicho atalitambua. Mikanda unaweza kuikata kwenye tepu ya karatasi na kuipaka rangi. Paneli za pembeni zipake nyeusi, kisha pitisha juu ya vitufe brashi iliyokaushwa yenye kijivu kidogo sana, vitufe vitajitokeza.

Kiti kiache nje hadi mwisho kama muundo unaruhusu.

Mbona modeli yangu imekalia mkia?

Jeti nyingi zina gurudumu la pua, na magurudumu makuu yako nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito. Ndege halisi ina rada na vifaa vizito puani. Modeli ina pua tupu, na nyuma ina plastiki ya injini, mkia na mabawa. Ikikosa uzito mbele, inainuka pua na kukaa kama mbwa.

Maelekezo ya seti nyingi hutaja gramu za kuongeza. Yachukulie kuwa kiwango cha chini, hasa ukiongeza ekzosi za rezini, ambazo ni nzito. Kabla ya kufunga kiwiliwili, kishikanishe kwa tepu pamoja na mabawa na mkia, kiweke juu ya penseli pale yatakapokuwa magurudumu makuu, kisha ongeza uzito hadi pua iangukie mbele bila kusitasita. Uzito uwe mbele kadiri iwezekanavyo. Katika MiG-21, koni ya pua ndiyo mahali pake.

Mipira midogo ya chuma na risasi za kuvulia samaki vyote vinafaa. Risasi ni sumu, basi nawa mikono, na usiishikize kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi na gundi hiyo humenyuka polepole, huvimba, na baada ya miaka pua hupasuka. Nimeiona ndege iliyokamilika vizuri ikifunguka mshono kabatini bila kuguswa na mtu. Tumia epoksi.

Midomo ya hewa ina ugumu gani hadi watu wailalamikie?

Hapa ndipo jeti inapotofautiana na ndege ya pangaboi. Jeti ina matundu makubwa mbele na nyuma, na macho ya mtazamaji huingia humo kabla hayajaangalia kitu kingine. Ndani ya mdomo wa hewa kuna njia laini inayokwenda hadi kwenye feni ya injini. Kwenye seti, njia hiyo imegawanywa vipande viwili, kwa hiyo kuna mshono ndani ya bomba, sehemu ambayo kidole hakifiki, na mara nyingi kuna alama za mviringo zilizoachwa na pini za kiwandani.

Njia ya kwanza ni ya uvumilivu: unganisha nusu mbili za bomba peke yake kabla ya kuziingiza kwenye kiwiliwili, jaza mshono, na upige msasa uliozungushwa kwenye kijiti.

Njia ya pili naipenda zaidi. Jaza mshono kadiri unavyoweza, ziba upande wa nyuma kwa tepu, mimina rangi nyeupe ya akriliki iliyochujuka kidogo ndani ya bomba, izungushe hadi ifunike kuta zote, kisha ipindue imwagike. Iache wima juu ya karatasi siku nzima. Rangi hujaza mikwaruzo yenyewe na kuacha ukuta usio na alama. Nyeupe ndiyo rangi halisi kwa F-4, F-16 na nyingine nyingi. Rangi ya nje huingia kidogo tu mdomoni kisha nyeupe huanza, na mpaka huo uangalie kwenye picha yako, maana hutofautiana.

Njia ya tatu ni ya heshima kabisa: vifuniko. Ndege iliyoegeshwa hufunikwa midomo ili mawe, ndege wa angani na takataka visiingie kwenye injini. Vingi ni vyekundu. Ukiviweka, modeli yako inasema ukweli wa uwanja wa ndege, na mshono umelala nyuma yake. Ila viwekwe kama picha yako inaonyesha ndege imeegeshwa, siyo rubani akiwa ameshika usukani tayari kuondoka.

Nyuma, ekzosi isipakwe fedha moja tu. Anza na chuma cha giza, ongeza kahawia, kisha buluu nyembamba sana karibu na ukingo, kama bomba la pikipiki lililochomwa na joto. Kwenye Phantom, bati lililo juu na nyuma ya ekzosi ni titani na chuma kisichopakwa rangi, kila paneli na kivuli chake. Tenga jioni nzima kwa eneo hilo peke yake.

Mwanya mdogo una madhara gani?

Milimita moja katika 1/72 ni zaidi ya sentimita 7 kwenye ndege halisi. Mkono wa fundi ungeingia.

Jaribu kila ungio bila gundi kwanza, mara mbili. Penye mwanya kati ya bawa na kiwiliwili, mara nyingi dawa ni kusukuma kiwiliwili kitanuke, kwa kuweka kijiti cha plastiki ndani kuanzia upande hadi upande. Kujaza puti pale baadaye hufuta mistari yote ya paneli. Puti ije mwisho, iwe kidogo. Kisha pulizia kijivu chepesi juu ya mshono na uitazame kwa mwanga wa kando. Macho yanadanganywa na plastiki tupu.

Rangi ya brashi ya mkono inatosha?

Inatosha kwa modeli ya kwanza, na kuna watu wanaopaka kwa mkono vizuri hadi hutaamini. Siri yao ni tabaka nyingi nyembamba, brashi pana, na kutorudia sehemu ambayo haijakauka.

Lakini jeti za kisasa nyingi ni kijivu juu ya kijivu, mpaka wake ukiwa umefifia, na hilo kwa brashi ya mkono ni taabu. Brashi ya hewa na kompresa ndogo hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Zimua rangi kwa thina hadi iwe kama maziwa: ikitikiswa kwenye kikombe iteremke kwenye ukuta na kuacha utando. Shinikizo la takriban bar 1 hadi 1.4 hufaa kwa kazi nyingi. Kwa mipaka laini ya kamafleji (rangi za mabaka ya kujificha), sogea karibu na upunguze shinikizo. Uso ukiwa wa punjepunje kama mchanga, rangi imekauka hewani kabla ya kufika: sogea karibu au ongeza thina.

Akriliki haina harufu kali na husafishwa kirahisi. Laka hushika kuliko zote na hukauka haraka, ila mvuke wake ni mkali. Enameli hukauka polepole. Kanuni inayookoa: usiweke laka juu ya akriliki au enameli changa, itaiyeyusha. Akriliki juu ya laka iliyokauka haina neno.

Namba kama FS 36118 zinasomwaje?

Ni mfumo wa Marekani uliojulikana kama Federal Standard 595, kuanzia mwaka 1956 hadi 2017, na namba zake bado zinatumika. Namba ya kwanza ni mng'ao: 1 inang'aa, 2 ina mng'ao wa kati, 3 haing'ai. Ya pili ni kundi la rangi: 0 kahawia, 1 nyekundu, 2 chungwa, 3 njano, 4 kijani, 5 buluu, 6 kijivu. Tatu zilizobaki ni mahali pa rangi ndani ya kundi. Kwa hiyo 36118 ni kijivu kisichong'aa. Na 16440 na 36440 ni kijivu kilekile, kimoja kinang'aa na kingine haking'ai. Ukishajua hivi, huna haja ya kukariri majina.

Phantom za Jeshi la Anga la Marekani zilizopigana Vietnam zilikuwa na kijani mbili, 34079 na 34102, na hudhurungi 30219, chini kijivu cheupe 36622. F-16 nyingi zilikuwa na 36118 juu, 36375 chini na 36270 puani na mkiani. F/A-18 za jeshi la majini la Marekani zina 36320 juu na 36375 chini.

Watengenezaji wa rangi huandika namba hizi kwenye chupa, na bado chupa mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kidogo. Usikose usingizi. Ndege halisi hupauka juani, hupakwa viraka, na ndani ya kikosi kimoja hakuna mbili zinazolingana.

Kioo nikifanye kisafi vipi?

Kikate kwenye fremu kwa uangalifu kuliko kipande chochote, maana ufa wa kioo hauzibiki. Kizamishe kwenye akriliki safi ya kung'arishia, kinyonyeshe tone la ziada kwa karatasi, kifunike kwa bakuli kisipate vumbi, kikauke siku moja. Kitakuwa angavu kuliko kilivyotoka kiwandani.

Kioo cha F-16 kimevimba kiasi kwamba kwenye seti nyingi kuna mstari wa ukungu unaopita katikati, juu kabisa. Uondoe kwa msasa wa 2000 ukiwa na maji, endelea na misasa laini zaidi, malizia kwa dawa ya kung'arisha, ndipo ukizamishe. Inatisha kukwaruza kioo kwa makusudi, lakini kinarudi. Kwenye F-16 nyingi kioo kina utando wenye rangi ya dhahabu au moshi, na tone la rangi hiyo ya kupitisha mwanga ndani ya akriliki linatosha.

Ukipaka fremu za kioo, tangulia na rangi ya ndani ya chumba, kisha rangi ya nje juu yake. Mtazamaji akichungulia ndani ataona rangi ya ndani.

Dekali zangu zina ngozi ya fedha pembeni. Nimekosea wapi?

Umezibandika juu ya rangi isiyong'aa. Uso wa namna hiyo ni mabonde madogo, na dekali inapolala juu yake hunasa hewa, ambayo ndiyo unayoiona ikimeta. Pulizia vanishi ya kung'aa kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo uweke dekali. Iloweshe sekunde chache kwenye maji ya uvuguvugu, iweke juu ya karatasi hadi itelezeke, kisha isukume kutoka kwenye karatasi yake hadi mahali pake. Gusia dawa ya kulainisha, itakunjamana vibaya na utashtuka. Usiiguse. Itajinyoosha na kuzama kwenye mistari ya paneli kana kwamba imepakwa rangi.

Dekali za seti ya zamani zijaribu moja isiyo na kazi. Ikivunjika majini, zilizobaki zipulizie vanishi kwanza. Zikiwa zimekuwa njano, bandika karatasi yake ndani ya dirisha lenye jua kwa siku kadhaa, zitapauka.

Jeti ya kisasa ina maandishi madogo mengi mno. Gawa kazi, bawa moja kwa jioni moja.

Nichakaze kiasi gani?

Tazama picha yako, basi. Ndege za kwenye manowari huathiriwa na chumvi, na mafundi huzipaka viraka mara kwa mara kuzuia kutu, ndiyo maana zina madoa ya kijivu tofauti. Ndege za nchi kavu mara nyingi ni safi zaidi. Ndege ya maonyesho hung'aa.

Kwa mistari ya paneli, changanya rangi ya mafuta ya wachoraji na thina yake hadi iwe kama chai, iguse kwenye mistari, ikauke kidogo, uifute kwa kitambaa kufuata upepo unavyopita: kutoka pua kwenda mkia, kwenye bawa kutoka mbele kwenda nyuma. Hakikisha chini yake kuna vanishi ya kung'aa iliyokauka. Usitumie nyeusi. Mstari wa milimita 0.2 katika 1/72 ni zaidi ya sentimita moja kwenye ndege halisi, tayari umezidi, na ukiujaza nyeusi ndege inageuka vigae vya bafuni. Kijivu cha giza au kahawia kinatosha. Chini, karibu na magurudumu na mashimo ya mafuta, ongeza. Juu, punguza.

Mabomu na makombora yapakwe vipi?

Kwa silaha za Marekani, mstari wa njano unaonyesha baruti halisi ya kulipuka, kahawia ni injini ya roketi, buluu ni ya mazoezi isiyolipuka. Usichanganye buluu na njano bila picha inayothibitisha. Na usijaze kila kishikio kwa sababu tu boksi lina mabomu: ndege nyingi huruka na matangi mawili na kombora moja au hakuna.

Kuna hatari kwa afya?

Ipo, na inazuilika. Mvuke wa gundi, thina na laka unahitaji dirisha wazi na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Rezini ipigwe msasa ikiwa na maji, vumbi lake lisipande. Wembe ubadilishe mara kwa mara, kwani wembe butu ndio unaoteleza na kukata kidole. Watoto waanze na seti za kubana bila gundi, na mtu mzima awe karibu.

Nimeharibu rangi yote. Nitupe?

Usitupe. Akriliki nyingi zikiwa bado changa hutoka kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, plastiki ikabaki salama. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Doa moja dogo halihitaji hata hilo: acha likauke siku mbili, lisugue kwa msasa wa 2000 na maji, pulizia tena hapo tu.

Itanichukua muda gani?

Jeti ya 1/48 iliyotoka boksini, bila nyongeza, hunichukua saa 30 hadi 40, na nyingi ni za kusubiri vitu vikauke. Anza ya pili wakati ya kwanza inakauka, utaacha kugusa rangi mbichi.

Nimemaliza. Niiweke wapi?

Mbali na jua, linalogeuza vanishi kuwa njano na kupausha dekali, na mbali na joto, linalopinda miguu ya magurudumu. Ndani ya kabati la kioo ndiko bora. Ikiwa ipo wazi, ifagie kila wiki kwa brashi laini ya rangi, kutoka pua kwenda mkia, ukiruka mrija wa hewa wa puani. Huo ndio huvunjika kwanza, na ndiyo maana mimi huugundisha mwisho, baada ya vanishi ya mwisho kukauka na ndege kusimama mahali pake.